Daftari Lisilo na Kalamu Nyekundu: Mwongozo wa Kuwasaidia Watoto Kuandika na Kuchora Wakati wa Likizo

Kalenda ya shule zetu nchini Kenya huwapa watoto mapumziko mara tatu kwa mwaka: mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti, na yale marefu kuliko yote, ambayo huchukua Novemba na Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari. Likizo hii ndefu ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi ya kutunga hadithi na kuchora, kwa sababu mtoto huhitaji siku kadhaa za kukaa bila ratiba ya mtu mwingine kabla hajaanza kubuni jambo lake mwenyewe. Mwongozo huu unawalenga wazazi na walezi wa Kisumu na maeneo ya magharibi mwa Kenya wenye watoto wa kati ya miaka minne na kumi na mitatu. Haumtaki mzazi awe mwalimu wala msanii. Unamwomba afanye mambo mawili tu: amtafutie mtoto kitu cha kutazama, kisha awe msomaji wake.

Hili la pili ndilo gumu. Watoto wengi wamezoea msomaji mmoja wa maandishi yao, naye ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na alama 40, na mazoea ya kuandika kwa ajili ya alama hizo yangali hai katika nyumba nyingi hata baada ya mtaala wa umilisi kushika nafasi. Kusahihisha kuna wakati wake, nao nitaueleza mbele. Lakini kukija mapema mno, mtoto huzoea kuandika yale tu ambayo ana hakika hayatakosolewa, na hayo huwa machache, tena yanafanana na ya mwenzake.

Hatua ya kwanza: Tenga saa na mahali

Saa moja kwa siku yatosha, mara nne au tano kwa wiki. Kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, asubuhi kabla joto halijapanda ndio wakati mwafaka wa kuchora nje, na alasiri, mvua ya radi inapowafungia watoto ndani, ndio wakati wa kuandika. Meza si lazima: mkeka sebuleni na kipande cha katoni ngumu cha kulazia karatasi mapajani vinatosha. Runinga izimwe na simu ziwekwe mbali kwa muda huo, ya mzazi ikiwa mojawapo. La kuepukwa ni kuigeuza saa hii kuwa adhabu au malipo, kwa maana mtoto anayeambiwa aandike ukurasa mmoja ndipo aruhusiwe kwenda kucheza mpira amekwisha kuelezwa kwamba kuandika ni kizuizi kinachomtenga na raha yake.

Hatua ya pili: Kusanya vifaa

Rimu moja ya A4 ina karatasi 500. Familia mbili au tatu za ploti moja zikichanga pesa na kuinunua, watoto wao watakuwa na karatasi za likizo nzima, na wingi huo una faida isiyoonekana mara moja: mtoto anayejua kwamba amepewa karatasi moja huchora kwa woga na kufuta kila mstari, ilhali mwenye karatasi kumi hujaribu, akaharibu, akajaribu tena. Asiyeweza kununua rimu asikate tamaa. Migongo ya kalenda za mwaka unaoisha, karatasi za ofisini zilizochapishwa upande mmoja, na pakiti za unga za karatasi zilizobanduliwa kwenye gundi na kupanguswa vizuri, zote hufaa. Mifuko ya saruji isitumike hata kidogo, ijapokuwa karatasi yake ni ngumu na ya kuvutia, kwa kuwa vumbi la saruji huchoma ngozi na kudhuru macho na mapafu.

Penseli za aina mbili zitatosha: HB kwa kuandika, na 2B, ambayo ni laini zaidi na hutoa mstari mweusi, kwa kuchora. Pawe na kichongeo kinachokata vizuri. Kuhusu kifutio, ushauri wangu utawashangaza wengine: kifichwe wiki ya kwanza. Mtoto mwenye kifutio mkononi hutumia nusu ya saa yake kufuta, na mstari uliokosewa ukibaki kwenye karatasi humwonyesha mahali pa kuchora ule ulio bora.

Kwa rangi, watoto wadogo wanahitaji krayoni nene wanazoweza kuzishika kwa kiganja, na wakubwa penseli za rangi. Lakini rangi za kutengeneza nyumbani zina mvuto wake, na kuzitengeneza ni nusu ya mchezo. Chai iliyochemshwa hadi ikawa nzito hutoa hudhurungi inayodumu. Binzari iliyokorogwa kwa maji hutoa manjano yenye kung'aa, ila mchoro wake usianikwe juani, kwa kuwa rangi hiyo hupauka upesi kwenye mwanga. Kipande chembamba cha mkaa uliopoa hutoa weusi ambao hakuna penseli itakayoufikia. Na udongo wetu wenyewe ni hazina: ule mweusi wa nyanda za Kano na ule mwekundu wa vilima vya Vihiga na Kisii. Udongo ukaushwe, usagwe kwa jiwe, uchekechwe kwa kitambaa chepesi, kisha uchanganywe na gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kwa kijiko kimoja cha unga na vijiko sita vya maji. Mtoto aliyeenda kwa nyanya yake Vihiga akarudi Kisumu na udongo mwekundu kwenye kopo ana rangi, na pia ana mwanzo wa hadithi.

Hatua ya tatu: Anza na macho

Mwambie mtoto yeyote achore nyumba. Awe anaishi mtaa wa Milimani, Nyalenda au Kondele, uwezekano ni mkubwa kwamba atakuchorea paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, na jua lenye miale kwenye kona ya karatasi. Hakuitazama nyumba yoyote. Amechora alama ya nyumba aliyoikariri, na maandishi yake ndivyo yalivyo pia. Kwa hiyo kazi ya likizo ianze kwa kuwekewa kitu halisi mbele yake, na kitu hicho kiwe cha kawaida kabisa: sufuria iliyoungua, kiatu kilichochakaa, jembe la babu.

Katika Kisumu kitu bora kuliko vyote ni samaki. Kabla ngege hajaingia kwenye mafuta, aazimwe kwa nusu saa na alazwe kwenye sinia. Mtoto amtazame kwa muda wa kuhesabu hadi sitini bila kushika penseli, kisha aanze kuchora polepole, macho yakienda mara nyingi zaidi kwa samaki kuliko kwenye karatasi. Mzazi akae karibu na kuuliza maswali, wala asitoe hukumu. Pezi la mgongoni linaanzia wapi na linaishia wapi? Miiba yake iko mbele au nyuma? Jicho liko karibu na mdomo au karibu na mgongo? Magamba yamepangwa vipi? Siku nyingine aletwe mbuta, au kipande chake chenye pezi la mgongoni ikiwa mzima ni ghali, na mtoto mwenyewe ataona kwamba pezi la mgongoni la mbuta limebonyea katikati kama lililogawanywa mawili, tofauti na la ngege ambalo ni refu na limeungana. Omena, kwa udogo wake, hufaa kwa zoezi la kuchora wengi waliorundikana, kila mmoja akielekea upande wake. Baada ya samaki watatu mtoto hatachora tena ile alama ya samaki yenye mkia wa pembetatu, na ukimwomba sentensi tatu kuhusu ngege, atakuwa na la kusema.

Zoezi jingine lisilogharimu chochote ni la kivuli. Asubuhi yenye jua, mtoto asimame uani na mwenzake aufuatishe ukingo wa kivuli chake kwa chaki au kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, au kwa kijiti kwenye udongo. Warudie mahali palepale karibu saa sita na nusu mchana, kisha tena saa kumi alasiri. Kisumu iko karibu sana na mstari wa ikweta, na katika miezi ya Novemba na Desemba jua hupita upande wa kusini, hivyo kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini na hakifikii nusu ya urefu wa mtoto. Waulizwe ni kivuli kipi kinachofanana nao na kipi kinachofanana na mtu mwingine. Jioni yake wasimuliwe kisa cha Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe na mikuki haikumdhuru, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba nguvu zake zilikuwa ndani ya kivuli, akaitoa siri hiyo, na mkuki ukachomwa kivulini. Mtoto aliyeshinda siku nzima akichora kivuli chake atakisikiliza kisa hicho kwa masikio mengine.

Umri nao uangaliwe. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora mtu kwa kichwa kinachotokwa na miguu moja kwa moja, bila kiwiliwili, na hilo si kosa. Ni hatua ambayo watoto huipitia kila mahali. Usimuulize "Hiki ni nini?" kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kukitambua, mwambie, "Nieleze habari za mchoro wako." Kuanzia miaka mitano hadi minane, mtoto huweka mstari wa ardhi chini na wa anga juu, na humchora mkubwa yule anayemjali, hata kama ni mbwa. Ugumu halisi huja karibu na miaka tisa au kumi, wakati mtoto anapoanza kulinganisha mchoro wake na kitu chenyewe na kutangaza kwamba hajui kuchora. Wengi huacha kuchora hapo na hawarudi tena. Huyu hasaidiwi na sifa tupu, kwa kuwa anaona mwenyewe kwamba mguu wa ng'ombe umekaa vibaya. Anasaidiwa na mbinu: aonyeshwe kwamba kitu kilicho mbali huchorwa kidogo na juu zaidi kwenye karatasi, kwamba kilicho mbele hukifunika kilicho nyuma, na kwamba picha inaweza kugawanywa kwa miraba ya penseli nyepesi ili sehemu moja ichorwe kwa wakati wake. Au apewe vibonzo, ambavyo havidai ufanano kamili na hubeba hadithi ndani yake.

Hatua ya nne: Toka kwenye mchoro uende kwenye maneno

Usimwambie mtoto, "Sasa andika hadithi." Agizo hilo ni kubwa mno na halina mlango. Mwambie aandike chini ya mchoro sentensi moja inayosema jambo ambalo mchoro hauwezi kuonyesha: harufu, sauti, au lililotokea dakika moja kabla. Chini ya mchoro wa kiatu anaweza kuandika kwamba kilikuwa cha kaka yake kabla ya kuwa chake. Hapo hadithi imekwisha kuanza, na swali la "Kisha?" litaisukuma mbele.

Kwa mtoto ambaye bado hajui kuandika, mzazi awe karani wake. Mtoto aseme, mzazi aandike maneno yaleyale yaliyosemwa, bila kuyapamba wala kuyanyoosha, kisha amsomee. Akisema "mbwa alikimbiaaa hadi akachoka miguu yote minne," iandikwe hivyo hivyo. Mtoto anaposikia maneno yake yakirudi kutoka kwenye karatasi, huelewa maandishi ni kitu gani zaidi kuliko kwa kurudiarudia silabi.

Watoto wa gredi ya nne kwenda juu wana shida nyingine, nayo ni misemo ya kukariri. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamejazwa fungu la maneno ya kufungulia insha: jua lililochomoza kwa madaha, ndege waliotumbuiza matawini, msimulizi aliyerauka alfajiri na mapema. Sidharau misemo, Kiswahili bila misemo ni chakula bila chumvi. Lakini mtoto anayefungua kila hadithi kwa ndege matawini hajawahi kuwasikiliza ndege wa kwao. Mpe sharti moja la mchezo: hadithi ya likizo isianze na hali ya hewa wala na kuamka. Ianze na mtu anayefanya kitu, au na maneno ya mtu anayezungumza, au na kitu kilichopotea. Sharti la pili, kwa wakubwa, ni kwamba kila ndege, mti na samaki anayetajwa apewe jina lake. Ndege aliyejenga lile tundu kubwa la vijiti mtini ni fundichuma, na mtoto akilijua jina hilo, hadithi yake imepata mhusika.

Kuhusu lugha, msikaze kamba. Mtoto wa Kisumu hufikiri kwa Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza ndani ya pumzi moja, na wa Kakamega au Vihiga vilevile kwa lugha ya kwao. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha ambayo kisa kilimjia. Ikiwa dani, yaani nyanya, ndani ya hadithi anazungumza Kidholuo, maneno yake yabaki Kidholuo, na maelezo yanayomzunguka yawe ya Kiswahili. Uamuzi wa kuinyoosha lugha uachwe hadi hadithi itakapokuwa imekamilika.

Hatua ya tano: Wapeleke kwa wazee

Familia nyingi hupeleka watoto mashambani mwezi wa Desemba, na safari hiyo ni fursa ambayo mitaala yote ikijumlishwa haiwezi kuitoa. Zamani, miongoni mwa Waluo, nyumba ya bibi mzee iliyoitwa siwindhe ndiyo iliyokuwa mahali pa kusimuliwa sigana, yaani hadithi, jioni. Nyumba hizo zimepungua, lakini wenye hadithi bado wapo na wengi wao hawajaulizwa.

Mtoto afundishwe kuuliza. Akimwendea babu na kumwomba hadithi tu, babu atasema amezisahau zote. Akimuuliza maswali madogo, kumbukumbu hufunguka: Mlikuwa mkicheza nini mkichunga ng'ombe? Nani alikuwa mkali kuliko wote hapa bomani? Kilima kile kinaitwaje, na kwa nini? Mlikula nini mwaka ule wa njaa? Aandike maneno machache tu wakati mzee anazungumza, kwa kuwa anayeinamia daftari muda wote humvunja msimulizi moyo, kisha aandike kwa urefu jioni hiyohiyo kabla hajalala. Maamkizi yake yawe ya heshima, na asikatize. Akishamaliza, amsomee mzee alichoandika. Mzee atamrekebisha kwa furaha, na mara nyingi katika kurekebisha huongeza kisa kingine kizuri kuliko cha kwanza.

Visa vinavyojulikana vina kazi yake pia. Chukua kisa cha Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ambalo simulizi husema lilikuwa kijiji. Kikongwe alifika wakati wa sherehe akiwa na njaa na baridi, akafukuzwa na wote isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea; kikongwe akamwonya mwanamke huyo aondoke, mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na watu wake. Mtoto asiambiwe akiandike tena kama kilivyo. Aambiwe amchague msimulizi mwingine: mpiga ngoma kwenye sherehe ile, mtoto wa yule mwanamke mkarimu ambaye hakutaka kuondoka, au mbwa aliyekuwa wa kwanza kumwona kikongwe. Kwa kuwa matukio yameshajulikana, nguvu zote za mtoto huenda kwenye sauti ya anayesimulia, na hili ni zoezi bora kuliko kubuni kisa kizima kutoka hewani. Kaka na dada wanaweza kugawana wahusika, kila mmoja akaandika ukurasa wake na kuchora lile aliloliona mhusika wake, kijiji kikiwa kilekile na picha zikitofautiana.

Hatua ya sita: Tembeeni, lakini kwa uchache

Matembezi mawili au matatu yaliyofanywa kwa utulivu yana faida kuliko kumi ya haraka. Makumbusho ya Kisumu yana boma la Kiluo la jadi, na mtoto akikaa humo akachora dari la nyumba moja tu, atakuwa amejifunza ujenzi pamoja na uchoraji. Mwamba wa Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza, kwenye barabara ya kuelekea Bondo, ni mawe makubwa yaliyobebana kwa namna ambayo lazima imwulize mtoto ni nani aliyeyapanga. Mwacheni ajibu kwanza kwa kalamu yake, ndipo mumsimulie jibu la wenyeji kuhusu mke huyo. Soko la Kibuye siku ya Jumapili hufaa kwa kukusanya sauti: mtoto asimame na mzazi kwenye ukingo wa soko kwa dakika kumi, aandike kila anachosikia na asiandike anachoona. Msitu wa Kakamega una mbega weupe kwa weusi, ambao huchoreka vizuri kwa mkaa kwenye karatasi nyeupe. Wasomaji wa Nakuru wana heroe wa ziwani, kreta ya Menengai na makumbusho ya Hyrax Hill, wala hawana haja ya kusafiri.

Mkienda Dunga au ufuo mwingine, watoto wachore wakiwa nchi kavu, pamoja na mtu mzima. Viboko hutoka majini bila taarifa, na maji ya ukingoni yana konokono wanaoeneza kichocho, kwa hiyo miguu isitumbukizwe. Gugumaji linaloelea huonekana kama shamba la kijani lenye maua ya zambarau, na mtoto mdogo anaweza kudhani linakanyagika.

Hatua ya saba: Soma, kisha ujibu kama msomaji

Mtoto anapokuletea ukurasa, weka chini unachokifanya au mwambie saa utakayousoma, na uitimize. Usome wote bila kushika kalamu. Kisha mwambie jambo moja ulilolipenda, nalo liwe mahususi: usiseme "Vizuri sana," sema, "Pale fundi wa baiskeli aliposema hana chenji, nilijua anadanganya." Halafu uliza jambo moja unalotaka kulijua kwa kweli. Yule mvulana alilala wapi usiku huo? Mbuzi alikuwa wa nani? Mtoto akirudi na kuongeza aya moja kwa sababu ya swali lako, amefanya kazi ya mwandishi, na hakuna aliyemwamuru.

Tahajia, alama za uakifishaji na ngeli zisiguswe katika rasimu ya kwanza. Wakati wake ni pale hadithi inapochaguliwa kuingia kitabuni, na hata hapo mtoto asome kwa sauti kwanza, kwa kuwa sikio lake litayakamata makosa mengi kabla ya jicho lako. Yaliyobaki myatazame pamoja, machache kwa siku, kwa penseli ya kawaida. Vivyo hivyo kwa mchoro: mzazi asichukue penseli akachora juu ya kazi ya mtoto ili kumwonyesha. Akitaka kuonyesha, achukue karatasi yake.

Ziko siku mtoto hatataka kuandika chochote. Siku moja iacheni ipite. Zikiwa tatu mfululizo, badilisheni kazi: atege vitendawili na kuvichorea majibu, achore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi dukani akiweka kila mbwa mkali mahali pake, au amwandikie barua binamu yake aliye Nakuru na ipelekwe kweli na mtu anayesafiri. Mashindano na zawadi kati ya ndugu sizipendekezi. Mkubwa hushinda kila mara, na mdogo huamua kwamba kuandika ni kwa wenzake.

Hatua ya nane: Tengenezeni kitabu

Wiki mbili za mwisho ziwe za kutengeneza vitabu, kwa sababu kazi iliyo na jalada husomwa na watu ambao wasingesoma karatasi zilizolegea. Kwa watoto wadogo, kitabu cha karatasi moja kinatosha. Ikunje A4 katikati kwa urefu, uifungue. Ikunje katikati kwa upana, uifungue, kisha kunja kila mwisho hadi kwenye mkunjo wa katikati na ufungue tena. Mikunjo itakuwa imeigawa karatasi katika sehemu nane zilizo sawa. Sasa ikunje katikati kwa upana na ukate kwa mkasi kuanzia upande wenye mkunjo, ukifuata mstari wa urefu, hadi kwenye mkunjo unaofuata na usipite hapo. Ifungue, ikunje kwa urefu mpasuko ukiwa juu, shika ncha mbili na uzisukume zikutane hadi mpasuko ufunguke, kisha zilaze kurasa upande mmoja. Utapata jalada la mbele, la nyuma, na kurasa sita za ndani.

Kwa wakubwa, karatasi nne zilizokunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine huleta kurasa 16, na jalada linaweza kuwa manila au mgongo wa kalenda. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba: moja katikati, moja juu na moja chini. Sindano yenye uzi mnene iingie tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, mkia wa uzi ukiachwa ndani. Irudi ndani kupitia tundu la juu. Ipite ndani moja kwa moja hadi tundu la chini na kutoka nje. Kisha iingie tena tundu la kati. Mikia miwili sasa iko ndani, kila mmoja upande wake wa ule uzi mrefu, na mfundo ufungwe juu yake. Kushona kwa namna hii hudumu kuliko stepla, ambazo hushika kutu haraka katika unyevu wa ziwani.

Kabla ya kunakili hadithi kwa usafi, mtoto apange ni nini kitakuwa ukurasa upi, na aamue mahali picha itakaposema bila maneno. Jalada lichorwe mwisho, kwa kuwa jina la hadithi hubadilika hadi siku ya mwisho. Jina la mwandishi, mwaka na mahali viandikwe ukurasa wa kwanza. Vitabu vikikauka, waalikeni majirani jioni moja, kila mtoto asome chake kwa sauti, na asiyetaka kusoma aruhusiwe kumteua mtu wa kumsomea. Mkutano uanze kwa "Paukwa!" na watu wazima waitikie "Pakawa!" kwa sauti inayosikika ploti nzima, maana watoto huona haraka sana mtu mzima anapoitikia kwa kuona haya.

Vitabu vihifadhiwe kwenye bati la biskuti lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na sakafu ambako mchwa na mende huvifikia. Michoro ya mkaa itenganishwe kwa karatasi tupu ili isipakane weusi. Rasimu zilizoachwa zisitupwe; zifungwe kwa uzi na kuwekwa chini ya vitabu, kwa kuwa mwezi wa Aprili mtoto akirudi likizo bila wazo lolote, humo ndimo atakamopata hadithi aliyoianza na hakuimaliza.